Mpagazi wa Bagamoyo na Swali la Weledi Kazini

Katika madarasa ya siasa na katika semina za watumishi siku hizi neno "weledi" limekuwa kama chumvi, halikosekani katika chungu chochote. Mgeni rasmi akifungua mafunzo atalitaja, mkufunzi atalitaja, na mshiriki aliyekuwa akisinzia tangu chai ya saa nne akiulizwa swali naye atajinasua kwa kulitaja. Lakini tukidai maana yake tunapewa orodha: kuwahi kazini, kuvaa nadhifu, kutunza siri za ofisi, kumjibu mwananchi kwa lugha ya adabu. Mambo hayo yote ni mema, na anayeyapuuza anastahili kuonywa. Hata hivyo orodha hiyo ina upungufu mkubwa wa kinadharia. Kila kilichomo ndani yake ni wajibu wa mfanyakazi peke yake. Hakuna hata neno moja linaloeleza kwamba kazi yenyewe inafanywa kwa masharti yaliyowekwa na nani. Tena nyuma ya orodha hiyo imejificha kasumba ya zamani, kwamba Mwafrika alikuwa mtu wa jembe na ngoma, asiyejua saa wala mapatano, mpaka alipokuja mgeni kumfundisha kazi.

Kasumba haitoki kwa kupaza sauti. Hutoka kwa ushahidi wa historia, na ushahidi huo hatuna haja ya kuufuata mbali. Upo Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Vijana wetu wengi hupelekwa huko na shule zao kutazama minyororo na makaburi, wakarudi nyumbani bila kuambiwa kwamba mji huohuo ulikuwa kituo kikuu cha wafanyakazi wa ujira, nusu karne kabla ya taruma la kwanza la Reli ya Kati kulazwa chini. Wafanyakazi hao ni wapagazi.

Kazi na watu wake

Katika karne ya 19 ubepari wa Ulaya na Marekani ulikuwa na njaa ya pembe za ndovu. Familia za mabwanyenye wa London na New York zilitaka piano sebuleni na meza ya biliadi katika chumba cha pili, na vibonyezo vya piano pamoja na mipira ya biliadi vilichongwa kwa pembe. Kulikuwa na viwanda katika jimbo la Connecticut vilivyoishi kwa pembe iliyopita Unguja. Viwanda vya nguo vya Massachusetts, kwa upande wao, vilituletea kitambaa kigumu cha pamba ambacho jina lake, merikani, linasema lenyewe kilikotoka. Pembe zilishuka pwani. Merikani, kaniki, ushanga na nyaya za shaba zikapanda bara. Kati ya pwani na Tabora pana kilomita zaidi ya 800, na karibu 400 nyingine hadi Ujiji. Hapakuwa na mto wa kupitisha vyombo, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Hata punda hakudumu. Kwa hiyo uchumi wote ule, pamoja na ushuru wa Sultani, riba ya wakopeshaji wa Unguja na faida ya mabepari wa ng'ambo, ulikaa juu ya kichwa na bega la mtu.

Mtu huyo alikuwa nani? Vitabu vya mabepari vilimfanya umati usio na sura, wa kumbebea mzungu hema. Baadhi ya masimulizi yetu wenyewe nayo yalikosea kwa upande wa pili, yakamfanya kila aliyebeba mzigo katika njia ile kuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Ni kweli watumwa walipita Bagamoyo, nao ni wengi, na biashara ile haikukoma siku Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kuipiga marufuku mwaka 1873. Hatuwezi kulipunguza jambo hilo. Lakini uchambuzi wa kitabaka unatutaka tutenganishe. Sehemu kubwa ya waliobeba pembe na nguo katika njia ya kati, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa watu huru. Waliondoka kwao baada ya mavuno, wakashuka pwani wakati wa kiangazi, wakauza nguvu zao, wakarudi na ujira wao wakiwahi msimu wa kulima. Katikati ya mtumwa na mtu huru palikuwa na kundi jingine lenye hali ya utata: watumwa wa Unguja na wa pwani waliojiajiri katika misafara, wakalipwa kama wengine, na bwana wao akangoja sehemu yake ya ujira barazani. Anayetaka kujua unyonyaji ulivyo na sura nyingi ndani ya kazi moja na alitazame kundi hilo.

Mwishoni mwa karne ile wapagazi waliofika Bagamoyo kwa mwaka walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Msimu ukipamba moto wageni waliweza kuwazidi wenyeji. Waganda wa mikate, wauza samaki, wenye vibanda vya kulala wageni, wote waliishi kwa mpagazi. Jina la mji lenyewe lina maelezo mawili, la mtumwa aliyebwaga moyo kwa kukata tamaa, na la mpagazi aliyefika salama akaubwaga moyo wake upumzike. Waongoza watalii hulipenda la kwanza. La pili nalo lisisahauliwe.

Ustadi usio na cheti

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, au kilo 32 kwa vipimo vya leo. Juu ya huo mpagazi alibeba mkeka wake, chungu, silaha na chakula. Nguo zilifungwa na kukazwa kwa kamba na vijiti mpaka zikawa kitu kirefu kigumu kisichopinda, kikaitwa mtumba; ndilo neno lililobaki hadi leo katika mitumba ya Kariakoo na Manzese, ingawa anayenunua shati hafikirii misafara. Nyaya za shaba zilifungwa ncha mbili za mti mmoja, mzega, uliokaa begani. Pembe kubwa ilichukuliwa na watu maalumu wenye nguvu kuliko wote, na ncha yake iliwekwa kengele. Hawa walikuwa mabwana wakubwa wa kazi ile, nao walijijua.

Ustadi huo haukuokotwa njiani. Richard Burton, aliyeanza safari yake ya bara mwaka 1857 kutoka Kaole, jirani na Bagamoyo, alikuwa mtu wa dharau nyingi kwa Waafrika, na hilo tusilifiche. Hata hivyo aliandika alichokiona: kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mzigo hadi pwani kulikuwa kipimo cha utu uzima, na watoto walizoezwa tangu wadogo kwa vipembe vidogo. Yaani palikuwa na mafunzo, palikuwa na ngazi, na palikuwa na heshima aliyopewa mtu kwa sababu ya kazi anayoijua. Tukiondoa karatasi yenye mhuri, chuo kina nini zaidi?

Palikuwa pia na sheria za njiani. Msafara uliongozwa na kirangozi, ambaye katika misafara ya Wanyamwezi alichaguliwa na wapagazi wenzake. Alitangulia akiwa amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega au manyoya kichwani, ajulikane kwa mbali. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Aliyempita alichomolewa mshale katika podo lake, ukawekwa kuwa ushahidi mpaka jioni kambini, ndipo atozwe faini. Hebu tulitafakari jambo hili dogo. Nidhamu ilikuwepo, tena kali. Ushahidi ulihifadhiwa, kesi ikasikilizwa baada ya kazi, mbele ya wenzake, wala si kwa kofi la papo hapo. Njia panda kirangozi aliweka matawi kuziba njia isiyofuatwa, ili wa nyuma wenye mizigo mizito wasipotee. Safari ilianza alfajiri na kwa kawaida ilikwisha kabla jua halijawa kali. Pasipokuwa na maji palikuwa na mwendo wa terekeza: watu walipika na kula mchana, wakatembea alasiri yote, wakalala bila maji, na asubuhi wakayafikia. Bila kujua hesabu ya terekeza, hakuna aliyeivuka Mgunda Mkali, nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, akabaki hai.

Ugogoni watemi walidai hongo. Hongo ya wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu na kunywa maji ya visima vyake. Ilijadiliwa hadharani, siku mbili au tatu pengine, na kila mtu katika msafara alijua ni doti ngapi za nguo zimetoka. Neno likashuka hadhi. Leo hongo ni kile kinachopita chini ya meza, na sababu ya kushuka kwake si fumbo: kilichokuwa cha wazi kimekuwa cha siri.

Kadhalika njia ile ilizaa utani. Mnyamwezi akifika kwa Wazaramo hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa na watani, nao walikuwa na wajibu kwake, hata wa kumzika. Watu wengi hudhani utani ni mzaha tu. Kwa mpagazi aliyekuwa mbali na ukoo wake kwa miezi, ulikuwa bima.

Masharti ya nani?

Hapa ndipo tunapofika kwenye shina la hoja. Mpagazi alikuwa na weledi kwa sababu alikuwa na kauli. Kabla ya kunyanyua mzigo palikuwa na mapatano: kiasi cha ujira, malipo ya mbele, uzito, posho ya kila siku, mwisho wa safari. Katika miaka ya 1870 mpagazi aliyeandikwa Unguja alipata kwa kawaida riale 5 kwa mwezi, na msafara wa mzungu haukuweza kuondoka bila kulipa miezi kadhaa mbele. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka, au kipande cha nguo cha kununulia chakula. Posho ilikuwa uhai wenyewe, kitu tofauti sana na posho ya vikao tunayoijua sisi, ambayo mtu huipata kwa kuketi.

Wapagazi waliishi njiani katika vikundi vya chungu kimoja, na kila kikundi kilikuwa na mnyampara, mzee wao, aliyewasemea. Posho ikipunguzwa, uzito ukizidi, au mgonjwa akilazimishwa kubeba, mnyampara alikwenda kusema. Asiposikilizwa, mizigo ilikaa chini. Vitabu vya wasafiri vimejaa malalamiko kuhusu asubuhi za namna hiyo: msafara mzima umeketi juu ya mitumba, jua linapanda, bwana anapiga kelele, na watu wanatazama pembeni. Mabwana wale waliita hali hiyo uvivu, ukaidi, utoto. Sisi tunaiita kwa jina lake, mgomo. Tusisahau pia kwamba mara nyingi mgomo ule ulikwisha siku hiyohiyo, posho ilipotolewa, na mzigo ukanyanyuliwa na kufikishwa ulikotakiwa. Mtu asiyeijali kazi hahangaiki kujadiliana, huondoka.

Nao waliondoka pia, tusiwapambe kupita kiasi. Kutoroka lilikuwa tatizo la kila msafara, na wapo waliochukua malipo ya mbele wakapotelea mitaani Bagamoyo. Wenye mali nao walikuwa na jibu lao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza bila haya jinsi wapagazi wa Kizaramo walivyomkimbia naye akarudi kuvamia vijiji vyao, akawakamata watu na kuwafunga. Huo ni uhusiano wa kazi wa aina nyingine. Tofauti kati ya mpagazi aliyepatana na mpagazi aliyefungwa pingu haikuwa katika mabega yao, maana mabega ni yaleyale na mzigo ni uleule.

Msafara usio na bwana

Kipimo kikali cha weledi ni kazi inayofanywa wakati msimamizi hayupo. Historia ya Bagamoyo imetupa kipimo hicho. Tunaomba radhi kwa msomaji aliyechoshwa na jina la David Livingstone. Safari hii hatuzungumzi habari zake, maana alikuwa amekwisha kufa.

Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliobaki walikuwa wafanyakazi wake, wanaume na wanawake wachache, mbali kabisa na pwani, hakuna mzungu wa kuwaamuru wala wa kuwaahidi malipo. Walifanya nini? Walikutana. Wakawateua Susi na Chuma, wazoefu wa safari kuliko wengine, kuwa viongozi wao, na wakaahidi kuwatii. Masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma shule ya wamisheni kule Nasik, India, akaandika kila kilichomo, ili baadaye mtu asije akasingiziwa wizi. Ndipo wakaamua kuupeleka mwili pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alitoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani kwa siku 14, ukafungwa katika nguo na gamba la mti.

Safari ilichukua miezi tisa au zaidi. Kadhaa walikufa njiani. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumtafuta bwana wao. Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale, kwa kuwa njia ni ya hatari na watu wa vijiji vya mbele wanaogopa maiti. Walikataa. Mbele kidogo hatari ile ikatokea kweli, na hapo ustadi wa kazi ndio uliowaokoa. Walitengeneza maiti ya uongo, wakatuma watu wairudishe Unyanyembe kama kwamba inakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya ukawa mtumba wa nguo wa kawaida, kama mitumba mingine iliyopita njia ile kila siku. Nani angeweza kuufunga hivyo, asigundulike, ila mtu aliyefunga mitumba maisha yake yote? Februari 1874 waliingia Bagamoyo, wakaukabidhi. Walilipwa mishahara yao, wakatawanyika. Meli ikaondoka na maiti, ikazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Katika wote waliobeba, aliyekuwepo kaburini ni Wainwright peke yake. Chama cha Jiografia cha London baadaye kilichonga medali 60 kwa ajili yao, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kupata mizigo mingine na hawaonekani.

Wandishi wa Kiingereza wameisifu safari hiyo kwa neno moja, uaminifu, wakimaanisha uaminifu wa mtumishi kwa bwana. Tunalikataa tafsiri hiyo kwa sababu haielezi mambo yalivyotokea. Mtumishi mwaminifu tu angemtii Cameron, maana ndiye mzungu aliyekuwepo. Watu wale walikuwa na mkutano wao, viongozi wao, orodha yao ya mali na uamuzi wao, nao waliutetea uamuzi ule mbele ya ofisa wa dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule. Halafu wakautekeleza kwa mbinu za kazi yao wenyewe. Hapo weledi na kauli ya mfanyakazi vilikuwa kitu kimoja.

Jinsi kauli ilivyoporwa

Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilijaribu kuikamata pwani, na watu wa Pangani, Saadani na Bagamoyo wakainuka. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani alijisalimisha mwaka uliofuata. Bagamoyo, iliyokuwa makao ya utawala wa Kijerumani, ilipoteza nafasi hiyo kwa Dar es Salaam mwaka 1891. Kwa miaka michache biashara ya misafara iliendelea, na matajiri kama Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake bado lipo Muhimbili, walizidi kuneemeka kwa kuandikisha wapagazi na kuuza bidhaa. Kisha ikaja kodi ya nyumba, ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Treni ilibeba kwa siku chache kilichobebwa na maelfu ya watu kwa miezi, na hakuna mtu mwenye akili atakayelilia frasila mbili kichwani. Maendeleo ya zana za uzalishaji ni maendeleo. Swali ni kwamba ustadi na taratibu za wale watu ziliingia wapi katika mfumo mpya, na jibu ni kwamba hazikuingia popote. Mnyampara aliyechaguliwa kuwasemea wenzake alitoweka. Akatokea mnyapara wa shamba la katani na wa barabara, aliyechaguliwa na bwana, na aliyesimama nyuma ya wenzake na kiboko. Neno ni lilelile, limepoteza herufi moja na kugeuzwa uso.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilionyesha upagazi usio na kauli ni kitu gani. Waingereza na Wajerumani waliwakamata watu vijijini kwa mamia ya maelfu wabebe risasi na unga. Hapakuwa na mapatano wala msimu, na wala hapakuwa na mtu wa kusema kuhusu posho. Kwa upande wa Waingereza peke yake hesabu rasmi za wapagazi waliokufa zinapita 40,000, wengi kwa kuhara, kwa njaa na kwa chakula wasichokizoea. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Huko Dar es Salaam wapagazi wake waliwekwa katika jumba la soko lililojengwa na Wajerumani, na midomo ya watu ikalifanya jina la kikosi kuwa Kariakoo. Baada ya hapo ndipo ofisa wa kikoloni alipoandika katika taarifa zake kwamba Mwafrika hapendi kazi.

Tabia ya kukalia mizigo haikufa. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam, vibarua wa kutwa wasio na uhakika wa kesho, waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, na mwaka 1947 mgomo wao ukapanda na reli hadi bara, ukifuata karibu njia ileile ya misafara.

Baada ya Uhuru Azimio la Arusha la 1967 liliweka juhudi na maarifa kuwa misingi ya maendeleo, na Mwongozo wa TANU wa 1971, katika kifungu cha 15, ukawakataza viongozi ubwana, dharau na uonevu kwa walio chini yao. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho kwa makini kuliko wengi waliokitunga. Kati ya 1971 na 1973 walifunga kazi mahali pengi, na mara nyingi hawakudai fedha, walilalamikia kutukanwa na mameneja na ubadhirifu viwandani. Kiwanda cha mpira cha Mount Carmel kilichukuliwa na wafanyakazi wenyewe mwaka 1973, na dola ikawaondoa. Walioitwa wakorofi siku zile walikuwa wakitaka mashine zitunzwe na hesabu zionyeshwe. Tuliochukua kazi ya kufundisha itikadi hatuwezi kulipita jambo hilo kimya kimya halafu tukaenda semina kuhubiri weledi. Kama mfanyakazi anatakiwa aone uharibifu na anyamaze, basi kinachotakiwa kwake ni utii, na kwa utii lugha yetu ina neno lake.

Hatusemi kila mgomo ni halali wala kila mlalamikaji ni fundi. Yupo muuguzi anayemwacha mgonjwa, yupo mwalimu anayefika shuleni saa tano, na yupo karani wa ardhi anayetaka hongo ya maana mpya. Hao wanawaumiza makabwela wenzao, na kirangozi angewachomoa mshale. Lakini kirangozi alichaguliwa, na faini aliitoza mbele ya watu ambao kesho yake wangeweza kumtoza yeye.

Anayependa kuendeleza utafiti huu anaweza kuanzia Kariakoo yenyewe, asubuhi, maroli yanaposhusha mizigo. Kule vijana hubeba kichwani belo za mitumba kati ya magari na watu. Belo ya kawaida ni kilo 45, yaani kilo 13 zaidi ya mzigo wa njia ya Bagamoyo. Malipo hupatana mtu mmoja mmoja, kwa haraka, mwenye mali akiwa tayari amegeuka kumtazama mwingine. Miongoni mwao utaona ustadi wa ajabu wa shingo na mguu, utaona utani, utaona hata wanaotambuana kwa vijiwe vyao na kupeana zamu. Uzito wa belo hawakupanga wao; hufungwa hivyo ng'ambo, kabla haijapakiwa melini.